Emin Pasha, mtu wa ndege, na Kasongo yetu

Motomba tunamjua wote, yule panya mkubwa wa msitu anayeuzwa kandokando ya barabara. Wataalamu wanamwita Cricetomys emini. Basi huyo Emin ni nani, na habari yake ilifikaje Maniema?

Alikuwa daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyezaliwa 1840. Aliwatumikia Waturuki, akajiita Emin, na tangu 1878 Misri ikamfanya gavana wa Ekwatoria, kusini ya Sudani. Cheo alikuwa nacho, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege na wadudu. Aliwachuna, akawapima, akawapeleka kwenye makumbusho ya Ulaya.

Mwisho wa 1891, magharibi ya Ziwa Albert, ndui iliingia katika msafara wake. Akamwamuru mwenzake Franz Stuhlmann aondoke na wale wazima. Yeye, macho yake yakiwa karibu kupofuka, akabaki na wagonjwa. Kwangu mimi hilo linapita vyeo vyake vyote.

Baadaye akashika njia ya mto wetu, Lualaba, kwenda kwa Kibonge, mkubwa wa biashara ya pembe na watumwa. Oktoba 1892, katika kijiji cha Kinena, alikuwa ameketi akiandika, ndege na wadudu wake wakiwa mezani. Watu wake walikuwa wameenda mashambani kutafuta ndizi. Ismaili na Mamba wakamshika, akaonyeshwa barua ya Kibonge kwamba auawe, wakamkata kichwa.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliiteka Kasongo, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu. Ndani ya nyumba za huko walikuta vitu vya Emin. Mwaka 1894 Ismaili na Mamba walinyongwa Kasongo hiyohiyo.

Emin ameachiwa jina kwa motomba na kwa ndege kadhaa. Wabebaji waliochukua masanduku yake kichwani, na wale wa ndui aliobaki nao, hakuna mnyama anayeitwa kwa jina lao.

Kasongo ile ya zamani ni Tongoni ya leo. Jamaa mliokimbia vita kutoka upande huo mkafika Kindu, wengi mlitoka bila karatasi hata moja. Lakini kama bibi au babu aliwahi kukuhadithia habari za Tongoni, mhadithie mtoto wako, kisha uje utuambie nasi tuiandike.