Pikipiki kwenye Njia za Miguu: Sheria Inasema Nini Kuhusu Msitu wa Kakamega Upande wa Shinyalu

Barabara inayotoka Khayega hupita soko la Shinyalu, ikafika Isecheno kwenye kituo cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), kisha ikaingia ndani ya Msitu wa Kakamega. Uhalali wa magari kuipita barabara hiyo hauna ubishi. Ubishi uko pembeni yake, kwenye vijia ambavyo wenyeji Waisukha wamevipita kwa miguu vizazi na vizazi wakienda kuni, mtoni, sokoni na kwa wakwe zao, na ambavyo sasa vinapitwa na bodaboda. Je, sheria inaruhusu? Ninavyoisoma, hairuhusu, ila pale ruhusa mahususi ilipotolewa. Lakini katazo hilo limetawanyika katika sheria kadhaa kiasi kwamba mwendesha pikipiki wa Shinyalu hana mahali pa kulisoma, na lawama ya hilo ni ya dola, si yake.

Hoja ya wanaotetea pikipiki huanzia kwenye Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Katika fasili yake, barabara si ile ya umma peke yake, bali pia njia nyingine yoyote, hata ya miguu, mradi vyombo vya usafiri viweze kuipita na umma uwe na nafasi ya kuifikia. Kwa hiyo, wanasema, kijia ambacho pikipiki inapenya ni barabara, na barabarani kila mtu ana haki ya kupita.

Hoja hiyo inavutia, lakini inaigeuza fasili kuwa kitu isichokuwa. Fasili ya barabara haimpi mtu haki ya kupita. Inamfuata dereva kwa wajibu wake popote anapokwenda. Mtu asiye na leseni akimgonga mama aliyejitwika kuni kwenye kijia, hawezi kujitetea mahakamani kwamba pale hapakuwa barabara. Isitoshe, Bunge lenyewe, katika marekebisho ya mwaka 2012, lilifanya kuwa kosa kuendesha chombo cha moto kwenye njia ya waendao kwa miguu. Kama kupitika kungekuwa ruhusa, marekebisho hayo yangekuwa kazi bure. Nakiri kwamba walioyaandika walikuwa na picha ya Nairobi akilini, matatu zikipanda kando ya barabara kukwepa msongamano, na wakili hodari anaweza kudai kwamba kijia cha msituni hakikukusudiwa. Ndiyo maana naona Sheria ya Trafiki haimalizi kesi hii. Inayoimaliza ni sheria ya msitu wenyewe.

Msitu huu ulitangazwa rasmi mwaka 1933. Mwaka 1967 yalitengwa ndani yake maeneo ya hifadhi ya Isecheno na Yala, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa Buyangu swali ni jepesi: hata mtembea kwa miguu huingia kwa idhini. Kusini, upande wa Shinyalu, ndiko kwenye uzito, kwa kuwa huko msitu na makazi vimeshikana na watu wana mazoea halali ya kuingia na kutoka.

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 kinaorodhesha mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya katika msitu wa umma bila leseni, kibali au makubaliano ya usimamizi. Mojawapo ni kuwamo msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa anatumia barabara au njia ya miguu inayotambuliwa, au anashiriki shughuli za utamaduni, sayansi au burudani. Lingine ni kujenga barabara au njia.

Wapo wanaohoji: ikiwa hata usiku naruhusiwa kuwa kwenye njia inayotambuliwa, mchana nitazuiwaje? Kwa mtu anayetembea, wana haki kabisa. Lakini kifungu kimetaja vitu viwili, barabara na njia ya miguu, na kuvitaja viwili ni kuvitofautisha. Njia ya miguu ikitambuliwa, inatambuliwa kwa kazi yake ya miguu. Udhaifu wa kifungu uko kwingine: hakisemi ni nani anayeitambua njia, wala utambuzi huo unaandikwa wapi. Mlinzi wa msitu na mwendesha pikipiki wakikutana kwenye kijia, kila mmoja ana ramani yake kichwani.

Kuhusu kujenga njia, tairi peke yake halijengi. Ila tazama kinachotokea mvua ikinyesha. Tairi huchimba mfereji katikati ya kijia, maji yakajaa, mizizi ikachubuka. Mtembeaji hukwepa tope kwa kukanyaga miche ya pembeni, na pikipiki inayofuata hupita hapo hapo alipokanyaga yeye. Kijia cha mtu mmoja kinakuwa cha watu watatu. Kisha anatokea mtu mwenye panga, akafyeka matawi yanayogonga kofia, akalaza magogo mawili juu ya kijito. Hapo, kwa maoni yangu, mpaka umeshavukwa: huyo amejenga njia, na amekata mazao ya msitu bila kibali.

Haya si mambo madogo. Isecheno ndiko kima wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1979, kazi ambayo haina mfano mwingi Afrika. Na njia inayobeba abiria mchana hubeba gunia la makaa na mbao usiku. Mti wa mwiritsa uliokatwa hautoki msituni kwa kichwa siku hizi.

Hata hivyo, siwezi kutetea katazo lisilo na mlango. Mama aliyeshikwa na uchungu upande wa pili wa msitu hawezi kuambiwa azunguke. Uingereza, ambako sheria yake ya barabarani ya mwaka 1988 inakataza waziwazi chombo cha moto kwenye njia za miguu, anayeendesha kuokoa maisha au kuzima moto ana utetezi ulioandikwa katika kifungu hicho hicho. Kifungu chetu cha 64 hakina maneno hayo. Mwendesha bodaboda aliyembeba mgonjwa ameachiwa kutegemea huruma ya mlinzi na busara ya hakimu, na hilo ni dhuluma kwa mtu aliyefanya jambo jema.

Mlango mwingine upo tayari, ila hautumiwi. Kifungu cha 49 cha sheria yetu ya misitu kinataja manufaa ambayo chama cha jamii cha misitu kinaweza kupewa: dawa za miti shamba, asali, kuni, malisho, utalii. Upitaji wa vyombo vya moto haumo. Lakini mwisho wa orodha yamewekwa manufaa mengine yoyote yatakayokubaliwa kati ya chama na KFS. Chama cha MUILESHI, kinachofanya kazi katika msitu huu, kinaweza kukaa na KFS na kukubaliana kwa majina ya vijia: hiki kinafunguliwa kwa pikipiki mchana, kile kinabaki cha miguu, na dharura ya mgonjwa inapita popote. Makubaliano hayo yaingizwe kwenye mpango wa usimamizi, ramani ibandikwe Isecheno na sokoni Shinyalu, na kesi ikifika mahakamani Kakamega hakimu aiombe ramani hiyo kabla ya jambo jingine lolote.

Yafanyike mapema. Mpango wa kuuzungushia msitu ua wa umeme umezua mabishano makali, na kila ua una malango. Bila orodha ya vijia iliyokubaliwa na wakazi, mahali pa malango hayo pataamuliwa na anayechimba mashimo ya nguzo.