Sindano ya Ng'ombe, Sindano ya Watu

Wakati wa Korona, hapa Isiolo nilisikia wafugaji wakichekwa: "Ng'ombe wao wanachanjwa, wenyewe wanakimbia sindano!" Sikuona kichekesho. Mfugaji anaijua chanjo kuliko wengi. Sotoka, iliyofyeka mifugo tangu miaka ya 1890, ilizimwa kwa chanjo ya Walter Plowright na wenzake, iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi. Mara ya mwisho ilithibitishwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapo jirani tu. Mwaka 2011 dunia ikatangaza imetokomea.

Serikali nayo, wazee wanaikumbuka vingine. Katika vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Waborana walikusanywa kambini Garba Tulla na Merti, mifugo yao ikapigwa risasi. Wee, hayo hayasahauliki.

Basi Novemba 2021 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kufikia 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa kwenye ofisi za serikali. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo, ila neno lilikuwa limeshatoka. Kwa mtu wa kaskazini, aliyekuwa wakati huo akihojiwa na kamati ndipo apewe kitambulisho, hiyo ilisikika kama amri tu, si tiba.

Sotoka haikumalizwa kwa amri. Miaka ya 1990, kwenye sehemu ngumu za Pembe ya Afrika, walipewa chanjo inayovumilia joto wafugaji wenyewe, wakafunzwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu mpaka kwenye maboma ya majirani zao.