Hisabati Ilivyofunga Njia ya Fizikia

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi ambaye mji wake mkuu, Iselamagazi, ulikuwa huku kwetu Ulyankulu, aliifunga njia ya misafara ya Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe walimvamia wakachapwa. Stanley ikambidi azungukie kusini ndipo amfikie Livingstone kule Ujiji. Mimi nafundisha fizikia, na kijana akiniletea karatasi nimpangie masomo ya chuo, namwambia Mirambo wake ni hisabati. Ila huyu hazungukiki.

Wazee waliosoma Tabora School hawakuwa na la kupanga. Aliyetaka shahada alipanda kwenda Makerere, ambako tangu 1949 mitaala ilifuata Chuo Kikuu cha London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilianza na sheria, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Sayansi ilisubiri hadi 1965, chuo kikiwa kimeshahamia Mlimani. Silaumu, nchi changa ilihitaji mahakimu haraka, na maabara ni ghali.

Likaja Azimio la Musoma, 1974: umalizapo kidato cha sita, nenda kazini kwanza, chuo baadaye. Kwa mwanasiasa lilikuwa jambo la busara. Kwa mwanafizikia, kabla masharti hayajalegezwa, lilikuwa balaa, maana kalkulasi usipoigusa miaka miwili unaianza upya.

Leo mpangilio huamuliwa kidato cha tano, mtoto mwenyewe hana habari. Wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) anasoma hisabati kamili. Wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) anapewa BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, inayopita juu juu tu, halafu anashangaa chuoni umeme na usumaku unapomkaba. Sheria ya Gauss inataka ujumlishe uga wa umeme juu ya uso mzima. Asiyejua kuintegreti atakariri jibu tu, na kwenye mtihani swali likigeuzwa kidogo amekwisha.

Kwa hiyo naandika hivi: kalkulasi na vekta pamoja na mekanika, mwanzo kabisa. Kisha mawimbi, joto, umeme. Matriksi zisichelewe. Kwanta ije nyuma ya hayo yote, na maabara isiachwe muhula hata mmoja.

Wengi hutaka kuanza na kwanta, kwa kuwa wameiona kwenye simu. Sibishani nao. Nawaandikia mlinganyo wa Schrödinger nyuma ya karatasi hiyo hiyo, nakaa kimya. Swali la kwanza ni lile lile: “Mwalimu, hii d iliyopinda ni nini?” Nawajibu tuanze na iliyonyooka.