Mwali wa Usambara

Ua lile nililinunua Dar es Salaam, katika duka lenye kiyoyozi, likiwa na kibandiko cha lugha nisiyoijua. Nikampelekea mama Muheza kama zawadi. Aliligeuzageuza, akapapasa jani lake lenye vinyweleo, laini kama mgongo wa kifaranga cha siku mbili, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili si lile la kwenye mawe ya Sigi?"

Ndilo. Juu kule, njia ya kwendea Amani, katika milima ya Usambara, linaota kwenye nyufa za miamba inayochuruzika maji, chini ya miti mikubwa ambako jua hufika kwa vipandevipande tu. Petali tano za buluu inayoelekea zambarau, na katikati vifuko viwili vya chavua, vya manjano. Mama aliliona utotoni alipokuwa akienda kuteka maji. Mimi nimelipa pesa kulipata.

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen huko Hannover, akalipa jina la kitaalamu: Saintpaulia ionantha. Mimi huwaza juu ya mtu mwingine. Bwana mkubwa wa boma hafiki kwenye mwamba wenye utelezi ndani ya msitu bila mwenyeji wa kumtangulia. Mwenyeji huyo hayumo katika jina la ua.

Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikaanza kuliuza. Mnamo 1926 wakulima wa maua wa Armacost na Royston, Los Angeles, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi na kuchagua kumi iliyo bora, ukiwemo ule walioupa jina la Blue Boy. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani walikwisha kuunda chama chao. Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Wajerumani wameshika jina la mahali hadi leo: Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Kwa hilo nawashukuru.

Ua la msituni liliwezaje kukaa sebuleni mwa watu wa nchi za theluji? Ni kivuli. Dirisha lenye pazia jepesi hutoa mwanga unaokaribiana na ule unaochujwa na majani ya msitu, na nyumba iliyopashwa moto haiko mbali na hali ya hewa ya milima yetu. Wenzetu wale, bila kukanyaga Amani, walijifunza kuiga kivuli cha Sigi.

Mimi niliyezaliwa karibu nalo ndiye niliyeliharibu. Niliacha kopo lake barazani, jua la saa nne likalipata, na kufikia jioni majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kama yaliyoguswa na pasi. Nikadhani ni kiu, nikalimwagia maji ya friji juu ya majani. Mabaka yakazidi, maana maji baridi huliunguza jani hili kama moto, na udongo uliolowa kupita kiasi ukaozesha shina.

Mama alikata jani moja lililobaki zima, pamoja na kikonyo chake, akalichomeka kwenye kopo la siagi alilolitoboa chini, lenye mboji iliyochanganywa na mchanga. Akaliweka kando ya mtungi wa maji, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Kila udongo ulipokauka alitia maji katika kisahani, yapande yenyewe kutoka chini. Miezi miwili baadaye watoto watatu walichungulia penye mguu wa jani. Analiita mwali, kwa kuwa halitolewi nje.

Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la Saintpaulia halihesabiwi tena kuwa jenasi. Jina hilo silililii. Ninachokihofia ni miti. Watu hufyeka msitu chini ili wapande iliki, na baadaye miti ya juu nayo huangushwa. Mwavuli ukiondoka, mwamba unakauka, na ua la mwambani halina miguu ya kuhama. Mara ya mwisho tulipopanda Sigi, mama alinionyesha jiwe alilolijua tangu utoto. Lilikuwa jeupe kwa jua, limepasuka. Tukaendelea kupanda, yeye mbele, akigusa kila mwamba kwa kiganja kutafuta penye unyevu.