Salme binti Said katika riwaya za kihistoria

Salme binti Said (1844–1924), aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, ni binti wa Sultani Said bin Sultan wa Oman na Zanzibar. Maisha yake ni chimbuko la riwaya kadhaa za kihistoria, na kitabu chake mwenyewe, *Memoiren einer arabischen Prinzessin* (Berlin, 1886), chafaa kusomwa kwa jicho lilelile la kumsomea msimulizi wa riwaya.

Alizaliwa katika jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Kusoma kulikubalika kwa binti wa jumbani. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimwingiza matatani mwaka 1859, alipokuwa mwandishi wa kaka yake Barghash katika uasi dhidi ya Sultani Majid, ndugu yao. Mwaka 1866 alipata mimba ya jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mtoto alizaliwa huko. Mwaka 1867 Salme alibatizwa na kuolewa siku moja, akaenda Hamburg. Mumewe alifariki 1870 katika ajali ya tramu.

Mimba hiyo haimo kitabuni, wala mtoto yule, aliyefariki mchanga. Msomaji anapewa mapenzi, hatari na safari, huku sababu ya haraka yote ikifichwa. Ni haki kumwelewa: alikuwa mjane mwenye watoto watatu katika nchi ngeni, akidai urithi wake, na aibu ile ingemnyang'anya heshima aliyobakiwa nayo. Sura yake ya utumwa ni jambo jingine. Anautetea utumwa wa Waarabu kuwa wa upole, na hapo asiaminiwe. Anayesema ni mtoto aliyelelewa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu, na wao hawakuachiwa ukurasa wa kumjibu.

Hata hivyo, alijisemea mwenyewe. Kinyume chake, msafiri Florence Baker, aliyefika Gondokoro kwenye Nile mwaka 1863, alijulikana na wasomaji wa zama zake kupitia vitabu vya mumewe, Samuel.

Waandishi wa lugha ya Kijerumani ndio waliomgeukia zaidi Salme: Hans Christoph Buch katika *Sansibar Blues* (2008), Nicole C. Vosseler katika *Sterne über Sansibar* (2010), na Mswisi Lukas Hartmann katika *Abschied von Sansibar* (2013), anayefuatilia pia maisha ya watoto wake. Riwaya kubwa ya Kiswahili juu yake, yenye sauti ya binti mfalme pamoja na ya mtumwa aliyembeba mgongoni, ni deni la waandishi wa pwani.