Waya na Mwendo Wake

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 iliwasili Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu. Hayo, msomaji, umekwisha kuyasoma. Lakini kando ya reli zilisimama nguzo, na juu yake ulipita waya wa simu ya maandishi, ambao husimuliwa kwa uchache kuliko unavyostahili.

Njia ilikuwa moja. Garimoshi lililopanda Mau kutoka Nakuru na lile lililoteremka kutoka huko yasingeweza kupishana ila stesheni. Kwa hiyo makarani waliulizana kwa waya kama njia i wazi. Waya ule haukuchukua sauti. Ulichukua mipigo ya umeme, mifupi na mirefu, mmoja baada ya mwingine, na roho za abiria zilitegemea mipigo hiyo isikike sawasawa. Karani mwenye mkono mzito alieleweka hata hivyo, maana sikio la mwenziwe lilimfuata.

Mashine haina sikio la namna hiyo. Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza ya simu yake mwaka 1874, aliigawa kila herufi katika alama 5 zenye urefu sawa. Ikawa lazima pande mbili ziafikiane mwendo kabla ya kusema neno. Kipimo cha mwendo huo, baudi, kimetokana na jina lake. Zikafuata taipu za simu, na kwa taipu hizo watu wakazungumza na kompyuta. Hata Linux, iliyotolewa mwaka 1991, huita nyaya zake kwa herufi tty, ufupisho wa jina la taipu zile.

Sasa fikiri kompyuta isiyo na skrini, imefungiwa chumbani Nakuru, nayo imekwama katika kuwaka. Mtandao wake haujaamka bado. Kinywa chake ni waya ule wa herufi moja moja, iwapo fundi aliutayarisha mapema. Programu ya kuwashia, kiini cha mfumo na programu ya kuingilia, kila moja huelezwa itumie waya upi na mwendo gani. Kiini huandikiwa console=ttyS0,115200, yaani waya wa kwanza, baudi 115,200. Fundi akiiweka mashine yake kwenye 9,600, ataona vikorokoro visivyosomeka, na wengi hapo huushutumu waya, nao ni mzima. Na programu ya kuingilia ikisahauliwa, habari za kuwaka zitapita zote salama, kisha kimya: kompyuta i macho, wala hapana mlango wa kuiingilia.