Kikokotoo Kilipoingia Darasani
Mnamo Januari 2023, wiki chache baada ya ChatGPT kutolewa, idara ya elimu ya jiji la New York iliifungia isitumike kwenye vifaa na mitandao ya shule zake. Kufikia Mei, marufuku hiyo ilikuwa imeondolewa. Wapo waliohitimisha kwamba shule haziwezi kushindana na mashine. Naona waliifunga kesi mapema mno. Shule zimewahi kupita njia hii zama za kikokotoo, na historia ile inatufundisha kuuliza mtoto amefika wapi katika somo lenyewe kabla ya kukabidhiwa chombo.

Bei ya vikokotoo vya mkononi iliporomoka nchini Marekani katika miaka ya 1970. Mwaka 1980 baraza la taifa la walimu wa hisabati likapendekeza vitumike katika madarasa yote, huku wengi wakihofia kwamba watoto watasahau hata kujumlisha. Ushahidi wa maana ulikuja mwaka 1986, Ray Hembree na Donald Dessart walipokusanya tafiti 79 na kuzipima pamoja. Kwa jumla, kikokotoo kilichoambatana na mafundisho ya kawaida hakikuua uwezo wa kukokotoa kwa kalamu. Darasa moja tu lilikwenda kinyume: darasa la nne, ambako kukitumia kwa muda mrefu kuliwarudisha nyuma wanafunzi wa uwezo wa kati. Hapo mtoto ana miaka tisa au kumi na anajifunza kugawanya kwa njia ndefu: akadirie saba inaingia mara ngapi, azidishe, atoe, ateremshe tarakimu inayofuata, na akikosea arudi alipoteleza. Naamini kurudi huko ndiko kunakojenga akili, na kitufe hukufuta.

Nchini Tanzania, mtihani wa hisabati wa kidato cha nne kwa miaka mingi uliruhusu majedwali ya hisabati na kukataza vikokotoo. Anayeuita uamuzi huo ushamba alitazame jedwali kwa karibu. Mwanafunzi anayezidisha 27.6 kwa 31.4 hutafuta logi mbili na kuzijumlisha, kisha jedwali humpa tarakimu 8666. Je, ni 86.66, 866.6 au 8666? Jedwali halisemi. Lazima ajue mwenyewe kwamba thelathini mara thelathini ni mia tisa.

Atakayepinga atasema akili mnemba si kikokotoo, kwani husoma swali, hupanga hoja na kuandika insha nzima. Ni kweli, na ndiyo maana hatari yake ni kubwa zaidi. Katika jaribio lililohusisha karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki, waliopewa mashine inayojibu chochote walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Ilipoondolewa, walipata asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kundi jingine lilipewa mashine yenye vidokezo vilivyoandaliwa na walimu, isiyotoa jibu, na kwao madhara hayo yalikaribia kutoweka.

Pingamizi linaloniuma ni la usawa: mtoto wa shule maskini asije akaachwa. Lakini ataachwa mbali zaidi akizoea kujibiwa kabla hajaweza kulihukumu jibu. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza umri wa chini wa kutumia akili mnemba darasani uwe miaka 13. Ningetaka wizara ziende mbele ya hapo, zitaje somo kwa somo kile ambacho mwanafunzi anapaswa aweze kukifanya peke yake kwanza. Uingereza ilichora mpaka wa namna hiyo mwaka 2014, ilipoondoa vikokotoo katika mtihani wa hisabati wa watoto wa miaka 11 na kuwaachia wanafunzi wa sekondari.